Mheshimiwa akianguka, nani anamshika?

Kwenye kuta za komini ya Kenya na za Katuba, mabango ya kampeni ya Desemba 2023 bado yanaonekana hapa na pale. Mvua imefuta majina, jua limekula nyuso, lakini namba za wagombea bado zinasomeka. Wachache kati ya wale waliokuwa wanacheka kwenye yale mabango wako Kinshasa leo. Wengi walianguka. Na swali ambalo wakaaji wa Lubumbashi wanaulizana kwenye kilio, ndani ya teksi-basi na mbele ya meza za kubadilisha falanga ni hili: wale waliokuwa na kiti wakakipoteza, sasa wanakula wapi?

Watu wanaliuliza kwa kicheko. Mtu anakumbuka mheshimiwa fulani aliyekuwa anapita na magari manne, vioo vyeusi, leo anaonekana anasimamisha motari kama watu wote. Watu wanacheka, wanasema Mungu si Athumani. Lakini ukiliangalia vizuri, swali hili ndilo linaeleza mambo mengi ya inchi ya Congo: kwa nini uchaguzi unaibiwa, kwa nini wabunge wanahama kambi usiku mmoja, na kwa nini mtu akinyang'anywa cheo anaweza kuona bora kila kitu kiharibike.

Kwanza lazima kusema wazi kwamba hawaanguki wote namna moja. Kuna wanaoangukia kwenye godoro, na kuna wanaoangukia kwenye simenti.

Godoro lilishonwa mwaka 2018. Ule mwaka una tarehe tatu zinazofaa kuwekwa pamoja. Mwezi wa Mei 2018, serikali ilipanga mshahara wa chini kabisa wa mfanyakazi kuwa franka 7.075 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya dola 4 kwa bei ya wakati ule. Tarehe 26 Julai 2018 ikatangazwa sheria namba 18/021, inayohusu maraisi wa zamani waliochaguliwa na wakubwa wa zamani wa taasisi za taifa. Sheria hiyo inampa raisi wa zamani pensheni, posho ya kila mwaka, nyumba, magari, walinzi, matibabu na pasipoti ya kidiplomasia, na inafikiria hata mjane na yatima wake. Halafu mwezi wa Novemba 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi, waziri mkuu Bruno Tshibala akatia sahihi maagizo kuhusu serikali yake mwenyewe: waziri mkuu wa zamani apate kila mwezi asilimia 30 ya mapato ya yule aliye kwenye kiti, na dola 5.000 za nyumba kwa mwezi. Mawaziri wa zamani dola 1.000 za nyumba kwa mwezi; na tiketi ya ndege kila mwaka. Watu walikuja kujua habari hiyo katikati ya 2019, wakati serikali ile ilikuwa inangoja tu kuondoka.

Hesabu yake ni rahisi. Mfanyakazi anayelipwa franka 7.075 na kufanya siku 26 alikuwa anapata mwaka ule dola karibu 115 kwa mwezi. Nyumba ya waziri mkuu wa zamani, nyumba peke yake, ni mshahara wa wafanyakazi zaidi ya 40. Na serikali ya Tshibala ilikuwa na watu karibu 60. Kila serikali inayokuja inaacha watu wake wakingoja kwenye ule mstari, na hakuna anayetoka kwenye mstari mpaka afe.

Wabunge nao hawakusahauliwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 109, inasema kwamba wabunge wa taifa na maseneta wana haki ya malipo ya kutoka yanayolingana na mapato ya miezi 6. Katiba yenyewe! Raia wengi wamekwisha kusikia kifungu cha 64, kile cha kupinga anayechukua utawala kwa nguvu, na kifungu cha 220, kile kisichoguswa. Hiki cha 109 hakiimbwi kwenye maandamano. Mwaka 2022, Martin Fayulu alisema mbunge wa taifa anapokea dola 21.000 kwa mwezi, na jambo hilo likaleta mabishano makubwa Kinshasa. Ikiwa alisema kweli, miezi 6 ni dola 126.000 kwa mtu ambaye wapiga kura wamemwambia asante, imetosha.

Sasa msikilizaji wa Lubumbashi anajua vizuri namna taifa hili linavyowatoa watu wengine kazini. Hahitaji kuelezwa. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wa Gécamines walitoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipwa na pesa za Banki ya Dunia. Hiari! Wengi walikuwa hawajapata mshahara kwa miezi mingi, wengine miaka karibu 3. Mtu aliyeshuka kwenye mashimo ya Kipushi au aliyesimama mbele ya tanuri la Lubumbashi kwa miaka 25 au 30 alipewa bahasha moja, akaambiwa akafanye biashara. Kulikuwa na waliolipa deni la unga na la shule, wakabaki na kidogo. Kulikuwa na walionunua gari kuukuu ili lifanye teksi, likafa kabla ya mwaka. Wengine walishika kibanda cha makala. Hospitali ya kampuni haikuwa tena yao, shule ya kampuni haikuwa tena ya watoto wao. Tangu wakati huo, wazee wale na wajane wao wamerudi mara nyingi kukaa chini mbele ya jengo kubwa la kampuni kwenye bulvari Kamanyola, wakidai kwamba hesabu ilifanywa vibaya. Wazee wa SNCC nao wana dai lao, na neno «dekonti finali» limekuwa neno la Kiswahili cha Lubumbashi kwa sababu ya kulingojea.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Sylvestre Ilunga Ilunkamba, kabla ya kuitwa kuwa waziri mkuu mwaka 2019, alikuwa mkurugenzi mkuu wa SNCC, hapa hapa mjini. Jean-Michel Sama Lukonde, aliyemfuata mwaka 2021, alitoka kwenye ukurugenzi wa Gécamines. Wote wawili walitoka kwenye ofisi ambazo mlangoni kuna wazee wanaongoja haki yao, wakaenda kwenye kiti ambacho mtu akitoka anahesabiwa asilimia 30 mpaka kufa. Si wao walioandika yale maagizo, na si wao waliofilisi zile kampuni. Lakini ndiyo barabara ya inchi hii: mtu anaondoka kwenye jengo moja na anaingia jengo lingine, na sheria mbili tofauti zinamngojea mkurugenzi na fundi wake.

Na kweli, kwa wanasiasa wakubwa godoro la sheria ni la akiba tu. Godoro lenyewe ni kiti kinachofuata. Sama Lukonde alipoacha uwaziri mkuu mwaka 2024, alikuwa amechaguliwa tayari. Akawa seneta wa Haut-Katanga, na tangu Agosti 2024 ndiye anaongoza Seneti. Mwaka 2011 katiba ilibadilishwa ili mbunge anayeitwa kuwa waziri asipoteze kiti chake: akifukuzwa kwenye wizara, anarudi bungeni kama mtu aliyetoka sokoni. Wakati akiwa waziri, kiti kinakaliwa na msaidizi aliyeandikwa naye kwenye karatasi ya ugombea, na raia wamekwisha kuona mara ngapi msaidizi huyo ni mke, ni mtoto, ni mdogo. Asiyepata kiti hata kimoja anangoja kuteuliwa kwenye baraza la utawala la kampuni ya serikali, au kuwa mshauri kwenye kabine ya waziri rafiki. Kabine za wizara zinajaa watu wa namna hiyo. Wanaitwa washauri, lakini wengine wanashauri nini, hata waziri mwenyewe angetatizika kusema.

Mwanasiasa mwenye mali yake kabla ya siasa ni jambo jingine. Moïse Katumbi alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa gavana wa Katanga, kutoka 2007 mpaka 2015, na klabu ya TP Mazembe haikungoja bajeti ya serikali. Alipokuwa wa pili kwenye uchaguzi wa uraisi wa Desemba 2023, na asilimia karibu 18 za kura, hakuna aliyeuliza atakula nini. Lakini hata yeye alionja: mwaka 2016 alihukumiwa miaka 3 kwa kesi ya nyumba hapa Lubumbashi, akakaa ng'ambo mpaka Mei 2019, baada ya hukumu ile kufutwa. Kwa hiyo utajiri nao hautoshi kumlinda anayepingana na utawala.

Sasa wale wa simenti. Hawa ndio wengi, na ndio wanaoishi katikati ya raia.

Kugombea ubunge wa taifa mwaka 2023 kulidai kwanza franka 1.600.000 kwa CENI kwa kila kiti kinachogombewa, na pesa hizo hazirudi. Hiyo ni ada ya mlango tu. Ndani ya nyumba kuna tishati, vitenge, petroli, vipaza sauti, vijana wa kubandika mabango, mashahidi wa kukaa kwenye vituo vya kura, mifuko ya unga, majeneza ya watu wa kartie, bia ya wazee. Mgombea asiye na mtu mkubwa nyuma yake anauza parseli. Akimaliza parseli, anaenda kwenye banki lamberti, ile mikopo ya mkononi ambayo deni la dola 1.000 linarudi kama 1.300 au 1.500 baada ya mwezi, na dhamana ni karatasi za nyumba. Anajiambia: nikishinda, mwezi wa kwanza nalipa. Na sheria ya uchaguzi, tangu Desemba 2017, ilimwongezea mtego, kwa sababu hata akipata kura nyingi katika eneo lake, kama chama chake hakikufikisha asilimia 1 ya kura za inchi nzima, jina lake linabaki kwenye karatasi. Kuna mgombea aliyeshindwa na watu, na kuna aliyeshindwa na kizingiti. Wote wawili wenye deni wanagonga mlango siku moja.

Halafu kuna mbunge wa jimbo, yule wa kwenye jengo la 30 Juni. Raia wanadhani yeye naye anaogelea kwenye dola. Lakini wabunge wa majimbo katika Congo wamelia mara nyingi kwamba malipo yao hayafiki kutoka Kinshasa, na muda wao unaisha wakidai miezi mingi. Kulia kwao mtu hawezi kukuonea huruma sana anapofikiria mwalimu wa Sakania au muuguzi wa Mitwaba. Lakini afikirie pia matokeo yake. Wabunge wa jimbo ndio wanaochagua gavana, na ndio wanaochagua maseneta. Mtu asiyelipwa, mwenye deni la kampeni, mwenye miaka mitano tu ya kuwa mtu, analetewa bahasha usiku wa kuamkia uchaguzi wa gavana. Je, ni ajabu akiipokea? Ni ajabu zaidi kwamba kuna wanaoikataa, na wako.

Raia wengi wana jibu fupi: waache wateseke, wao walitutesa. Jibu hilo linafurahisha mdomo, lakini linawapa raia wenyewe hasara. Mtu anayejua kwamba nje ya kiti kuna njaa, aibu na polisi, huyo hatatoka kwenye kiti kwa upole. Mwezi wa Januari 2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa ajili ya udanganyifu, kuhonga na kuwa na mashine za kupigia kura majumbani. Kati yao walikuwamo mawaziri na magavana, watu ambao tayari walikuwa na vyeo. Mtu wa namna hiyo anatafuta mashine ya kura ya nini, kama si kwa kuogopa kesho yake?

Na kabla ya hapo kulikuwa ile ya 2020 na 2021. Kambi ya FCC ya Joseph Kabila ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Raisi Félix Tshisekedi alipotangaza mwezi wa Desemba 2020 kwamba anatafuta wingi mpya, haikuchukua miezi miwili. Tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 walipiga kura kuangusha serikali ya Ilunga Ilunkamba, ambaye walikuwa wamempokea wenyewe kwa makofi. Kifungu cha 110 cha katiba kinasema mbunge anayeacha chama chake kwa kusudi anapoteza kiti. Hakikusomwa siku ile. Wengine waliita hiyo dhamiri. Inawezekana wamo waliosukumwa na dhamiri. Lakini bunge lilikuwa linatishiwa kuvunjwa, na kuvunjwa maana yake ni kurudi kwenye kampeni, kwenye banki lamberti, kwenye simenti. Watu 300 hawapati dhamiri wiki moja. Hofu ya kukosa, hiyo inaweza kuwapata wiki moja.

Ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia wamelifikiria jambo hili kwa miaka mingi zaidi. Kenneth Kaunda alishindwa uchaguzi mwezi wa Oktoba 1991, akakubali, akatoka. Sheria ya faida za maraisi wa zamani ilikuja miaka michache baada ya hapo: raisi wa zamani anapata asilimia 80 ya mshahara wa raisi aliye kwenye kiti, nyumba, gari na walinzi, lakini akirudi kwenye siasa za kugombania, zinasimama. Kaunda mwenyewe alibishana sana na utawala wa Frederick Chiluba kuhusu jambo hilo. Edgar Lungu, aliyeshindwa na Hakainde Hichilema mwezi wa Agosti 2021, alinyang'anywa faida zake mwaka 2023 baada ya kutangaza kwamba anarudi uwanjani. Alikufa mwezi wa Juni 2025 huko Afrika Kusini, na ugomvi wa wapi azikwe na nani aongoze maziko ukaenda mpaka mahakamani. Kwa hiyo Zambia nao si malaika, sheria inaweza kutumiwa kama fimbo. Lakini mtu wa Ndola au Kitwe amekwisha kuona maraisi watatu wakishindwa kura na kwenda nyumbani: Kaunda 1991, Rupiah Banda 2011, Lungu 2021. Congo tangu 1960 haijaona hata mmoja aliye kwenye kiti akishindwa kwa kura na kusema nimeshindwa.

Kenya nao walijaribu jambo lao. Mwaka 2020 bunge lao lilipitisha muswada wa kuwapa wabunge wa zamani, wale wa kati ya 1984 na 2001, shilingi 100.000 kila mwezi mpaka kufa. Raisi Uhuru Kenyatta alikataa kutia sahihi. Wabunge wa Kenya wana mfuko wao wa pensheni, lakini kwenye ule mfuko wanakatwa sehemu ya mshahara wao kila mwezi wakiwa bungeni. Hapo ndipo tofauti ilipo na maagizo ya Novemba 2018, ambamo mtu anajiandikia zawadi kutoka kwenye mfuko ambao hakuweka kitu.

Lakini Congo imekwisha kuonyesha kwamba hata zawadi hiyo si salama. Sheria ya Julai 2018 ilitengenezwa ili Kabila atoke kwa amani, na mtu asiwe mgumu, jambo hilo lilifaa kitu: mwezi wa Januari 2019 raisi mmoja alimpa mwingine kiti bila bunduki kulia Kinshasa, mara ya kwanza tangu uhuru. Malipo ya mtu mmoja kwa ajili ya siku ile, wengi wangesema si ghali. Miaka sita baadaye, tarehe 22 Mei 2025, Seneti iliondoa kinga yake, yeye seneta wa maisha, kwa kura 88. Siku chache baadaye alionekana Goma, mji ulio mikononi mwa M23. Tarehe 30 Septemba 2025, mahakama kuu ya kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini na makosa ya vita, na fidia ya mabilioni ya dola. Tarehe 20 Mei mwaka huohuo, Matata Ponyo, waziri mkuu wa 2012 mpaka 2016, alihukumiwa na Mahakama ya Katiba miaka 10 ya kazi ngumu kwa sababu ya pesa za Bukanga-Lonzo. Kama hukumu hizo ni za haki, ni kazi ya majaji kueleza. Ila kila mwanasiasa wa Congo amezisoma kwa namna yake: pensheni ya sheria ni nzuri wakati aliye juu anakupenda. Kwa hiyo anafanya anavyojua kufanya. Anaweka kando. Ananunua nyumba kwenye kartie Golf kwa jina la shemeji, shamba kwenye barabara ya Kipushi kwa jina la mtoto, kipande cha mgodi kwa jina la kampuni isiyo na bango. Kifungu cha 99 cha katiba kinadai raisi na mawaziri watangaze mali za familia yao mbele ya Mahakama ya Katiba wakiingia na wakitoka. Hata hivyo raia wa kawaida wa Ruashi hawezi kukuambia waziri gani aliingia na nini na akatoka na nini.

Na hapa ndipo jambo hili linawagusa wahami wa vita, ambao wengine wao wanafuata habari hizi wakiwa wamelala chumba kimoja na familia ya ndugu. Familia zilizotoka Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, zingine zimefika mpaka Lubumbashi. Zimekuta hapa watu wanaojua kukimbia ni nini: wale wa Mitwaba, wa Pweto, wa Manono, waliokimbia Bakata Katanga na vita vya Wabatwa na Waluba, na ambao wengine hawakurudi tena kwenye mashamba yao. Kati ya wahami wa Kivu kuna walimu wastaafu na wajane wa wafanyakazi wa serikali. Pensheni yao ilikuwa inapitia banki za Goma na Bukavu, na M23 ilipoingia, banki zilifungwa. Mzee anaambiwa alete karatasi. Karatasi zilibaki Himbi, ndani ya kabati, na nyumba ina watu wengine sasa.

Masisi na Rutshuru hawakupiga hata kura Desemba 2023, kwa sababu ya vita. Wahami wao hawakumchagua mtu, hawakumwangusha mtu. Lakini ile mistari ya bajeti ya wakubwa wa zamani inalipwa pia na kodi ya chumvi na sabuni wanazonunua kwenye soko la Kenya. Mhami hana malipo ya kutoka ya miezi 6. Hajaandikiwa asilimia yoyote ya shamba alilopoteza.

Si lazima mwanasiasa aliyeshindwa afe njaa. Kinachodaiwa ni kwamba aingie kwenye mstari uleule na watu wengine. Mfanyakazi wa kampuni anakatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya CNSS, na mwajiri wake anaongeza asilimia 13. Wafanyakazi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP, tangu 2015. Mbunge, waziri na gavana wanaweza kukatwa vilevile, kila mwezi, kwa miaka yao mitano, na siku wakianguka walipwe kufuatana na walichoweka. Mwenye mihula mitatu atapata zaidi ya mwenye mmoja, hakuna atakayemwonea wivu. Akirudi kwenye cheo kingine, malipo yasimame, kama Zambia. Na mbunge wa jimbo alipwe kila mwezi, kiasi kinachojulikana, ili asiwe na kisingizio siku ya bahasha. Wengine watasema hiyo ni ndoto. Lakini fundi wa gari wa Kampemba aliyeandikishwa na mwajiri wake anakatwa tayari, na hakuna aliyemwambia ni ndoto.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa Kinshasa kila tarehe 15 Septemba na kinafungwa 15 Desemba. Wabunge wa Haut-Katanga wanakuwamo. Wanaweza kuuliza swali moja kwa waziri wa bajeti, na swali la mbunge si fadhila, ni haki yake kwa sheria: maagizo ya Novemba 2018 yanalipwa bado au hayalipwi, kwa watu wangapi, kwa pesa ngapi kwa mwaka, na ngapi zimeandikwa mwaka huohuo kwa ajili ya wazee wa Gécamines na wa SNCC na kwa wastaafu waliokimbia Kivu. Jibu linaweza kuingia kwenye ukurasa mmoja. Wakirudi likizoni na ule ukurasa, wazee wa bulvari Kamanyola wanajua kusoma.